Wifi Yangu na Masanduku ya Ngurumo

Mume wangu alijipa mwenyewe jina la Ngurumo. Hakuna aliyempa. Alilichora kwa rangi nyeupe kwenye mkanda wa gitaa lake, akaanza kuliitikia hata pale ambapo hakuna aliyemwita, na baada ya mwaka mmoja watu wakachoka kubishana naye. Asubuhi hadi alasiri alikuwa karani wa ofisi ya maji, mtu wa kugonga mihuri na kuwaambia wenye shida warudi kesho. Baada ya hapo aligeuka mpiga gitaa wa hevi metali, ile ya zamani, ya bendi zenye nywele ndefu na spika zilizopangwa kama ukuta wa gereza. Nimeishi naye miaka kumi na tisa. Habari zake siziandiki hapa, maana amekwisha kuzisimulia mwenyewe kwa kila mwenye masikio. Naandika habari za dada yake, wifi yangu, ambaye hakuwahi kujipa jina lolote. Watu walimwita Fundi, basi.

Fundi alikuwa na chumba cha kazi nyuma ya duka la mshona nguo, hatua saba kwa nne. Ukutani kulikuwa na rafu za makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa skrubu na nati, kila kopo na karatasi yake. Juu ya meza alitandika kipande cha suruali kuukuu ya jinzi ili masanduku ya watu yasikwaruzike. Kulikuwa na taa ya shingo ndefu, mita ya kupimia umeme iliyofungwa utepe tumboni, na kile chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, ambacho alikiweka kwenye stendi yake kwa uangalifu kuliko mama anavyolaza mtoto. Kazi yake ilikuwa kutengeneza amplifaya za valvu, zile zenye chupa za kioo zinazowaka kwa rangi nyekundu ndani. Dunia nzima iliziacha chupa hizo pamoja na redio za babu zetu. Wapiga hevi metali peke yao ndio walioshikilia, na kwa hilo tu, alisema wifi, walikuwa na akili.

Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza redio katika chumba hicho hicho. Mzee alitaka mwanawe wa kiume arithi. Mwana akaunguza meza mara mbili, akavunja mita, akaanza kulia kwamba moshi unamchoma macho, mwishowe akanunuliwa gitaa ili atulie, jambo ambalo halijafanikiwa mpaka leo. Binti alikaa chini ya ile taa tangu akiwa na miaka tisa. Baba alimfundisha kufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni mwa aproni, kwa sababu umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule unapitia moyoni. Mama mkwe wangu, akiwatambulisha watoto wake kwa wageni, alisema: huyu wa kiume ni msanii. Halafu akamwonyesha binti kwa kidevu: na yule anatengeneza vitu.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana marafiki wa mume wangu walijaa sebuleni kwangu. Watu wazima, wenye watoto chuo kikuu. Mmoja alikuwa mfamasia, mwingine mwalimu wa udereva, na wengine ambao sikuwahi kujua wanafanya nini zaidi ya kukaa. Walibishana saa tatu nzima kama valvu za kiwanda fulani zina sauti ya asali na za kiwanda kingine zina sauti ya moshi. Mfamasia, ambaye hutoa dawa kwa wagonjwa na wagonjwa humwamini, aliapa kwamba pedeli yake ililia vizuri zaidi betri ikiwa imekaribia kufa. Niliwapitishia chai na kutoka. Ukikaa sana na watu wa namna hiyo unaanza kuwajibu.

Mume wangu alikuwa na pedeli moja ndogo, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, cha kuongeza ukali wa sauti nyembamba kabla haijaingia kwenye amplifaya. Wapigaji wa kwanza wa muziki ule walikitumia sana. Ndani yake mlikuwa na transista ya kizamani, na siku za joto ilitoa sauti kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Wifi alimweleza ukweli, kwamba transista za aina ile hazipatani na joto, asiiache juani. Asubuhi iliyofuata nilifungua friji nikakuta kisanduku kimelazwa rafu ya juu, kimeviringishwa taulo, na maziwa ya watoto yako nje juu ya jiko.

Siku moja wifi alikuja kurudisha sanduku la mtu, akawakuta katika mjadala wa pedeli ya kijani. Kila mmoja wao alikuwa nayo, na kila mmoja alilalamika kwamba sauti yake inavimba kama uji. Alisimama mlangoni na aproni yake akawaambia wageuze kitufe cha mkwaruzo mpaka sifuri, na kile cha ukubwa wa sauti mpaka mwisho. Akawaeleza na sababu. Pedeli ile, ikitumiwa hivyo, inakata besi, inabeba sauti za katikati na kuisukuma kwa nguvu valvu ya kwanza ya amplifaya. Mkwaruzo wenyewe unatoka kwenye amplifaya, na nyuzi nene zinatoka zimebana, kila pigo na mwisho wake. Hakuna siri zaidi ya hiyo, alisema. Walimtazama kama watu wanaosubiri mvua ipite, kisha wakarudi kwenye karanga zao.

Wiki mbili baadaye maneno yale yale yalisemwa sebuleni pale pale na mwanamume mmoja waliyemwita Mtaalamu, nusu yake akiwa ameyakosea. Mwalimu wa udereva alitoa daftari akaandika.

Mtaalamu alikuwa akiuza mapazia kabla hajagundua kwamba wapiga gitaa wanadanganyika kirahisi kuliko wenye madirisha. Alikuwa na sauti ya upole na kucha safi mno. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza nilijisikia nimeibiwa kitu. Aliuza kisanduku cheusi ambacho, kwa maelezo yake, kilibeba sauti kamili ya hevi metali ya mwanzo, ile ambayo wengine wote wameipoteza. Ndani alikijaza gundi nyeusi ngumu kama jiwe. Alisema ni kuilinda siri. Watu wazima wale walikubali kununua kitu ambacho hawaruhusiwi kukiona, wakashukuru.

Cha mume wangu kilikufa ndani ya mwezi. Alikipeleka kwa dada yake kimyakimya, kimefichwa ndani ya mfuko wa mkate. Wifi alikiloweka kwenye dawa ya kulainisha gundi siku mbili, akaichokonoa gundi kwa kijiti cha meno, punje kwa punje. Chini yake alikuta pedeli ile ile ya madukani inayouzwa kwa wanafunzi, maandishi ya vipuri yamekwanguliwa, na waya mmoja umeachia.

"Kuna kitu kimoja tofauti," alimwambia. "Hii rezista, ya kupunguza umeme. Kwenye ile ya dukani ni kubwa kidogo."

"Basi ndiyo siri yenyewe," mume wangu akasema.

"Tofauti yake huwezi kuisikia. Hata mbwa hasikii."

Alimwomba dada yake akirudishie gundi kama ilivyokuwa. Wifi akakataa, akasema yeye hutengeneza tu, kuzika si kazi yake. Mume wangu alienda dukani akanunua gundi nyeusi mwenyewe, akaimwaga mwenyewe, akaketi na kisanduku chake Jumamosi mbele ya wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliona kwa macho yangu. Mtu anaonyeshwa kwamba ameibiwa, naye anamsaidia mwizi kufunga mlango.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea baadaye.

Ndani ya amplifaya za valvu mna makopo madogo yanayohifadhi umeme mwingi, na yanabaki nao hata ukichomoa waya ukutani. Kwa sababu hiyo huwekwa rezista za kuyamwaga polepole sanduku likizimwa, ili fundi asiuawe. Mtaalamu aliwaambia wafuasi wake kwamba rezista hizo zinakunywa sauti. Mume wangu, ambaye hawezi kubadilisha balbu bila kuniita, alifungua sanduku lake kubwa la valvu akazikata zote nne kwa mkasi wangu wa kucha. Kipande cha waya alikiacha kimetokeza pembeni. Fyuzi ilipoungua aliizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kwa sababu hilo nalo alilisikia kwa mtu.

Siku mbili kabla ya onyesho lao katika ukumbi wa chama cha walimu, sanduku likanyamaza. Aliliwasha na kulizima muda wote wa mapumziko ya mchana, akalibeba kwenye teksi mpaka kwa dada yake. Mimi nilikuwa upande wa mbele kwa mshona nguo, nimepeleka koti langu la kazini lipanuliwe. Kazi yangu ni kutoa watu damu katika maabara ya zahanati. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, nilisikia kila neno.

Wifi alimuuliza kama amelifungua. Akasema hapana. Akamuuliza kama limewashwa leo. Akasema tangu jana halijaguswa. Uongo mara mbili, na hakuvuta hata pumzi katikati.

Alilegeza boliti nne, akapitisha vidole chini ya ukingo wa bati linaloshika vipuri ili alitoe, kama alivyofanya mara elfu. Alikuwa bado hajafika mahali pa kupima, kwa sababu hakuna fundi anayetarajia umeme ukingoni mwa bati. Lakini ule waya ulikuwa pale. Na kwa kuwa valvu zilikuwa zimekufa, hakukuwa na kitu cha kuumaliza umeme uliobaki kwenye makopo. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa, kisha kigoda, kisha skrubu zikimiminika sakafuni.

Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye rafu, mkono wa kulia umekunjika chini yake, uso umekuwa rangi ya majivu. Nilimshika shingoni nikaupata mshipa. Ulikuwa unakimbia na kujikwaa. Mume wangu alikuwa amesimama, mikono yote miwili kichwani.

"Halijaanguka?" aliuliza.

Nilidhani amekosea kusema, anamaanisha dada yake. Nikainua macho. Alikuwa anatazama mezani.

"Sanduku," akasema. "Halijaanguka?"

 Nilimwambia mshona nguo atafute gari.

Hospitali walimtibu majeraha ya moto, wakaufunga mkono uliovunjika kwenye kifundo, wakamlaza siku tano kuutazama moyo wake. Moyo ulitulia. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, havikurudiwa na hisia. Aliweza kushika kijiko, aliweza kushika mlango. Waya mwembamba ulimponyoka bila yeye kujua kama umemponyoka.

Mume wangu aliwaambia watu kwamba dada yake amezeeka, macho yamechoka, siku hizi anasahau kupima. Aliyasema kwa huzuni nzuri, kichwa kimeinamishwa kidogo. Mama mkwe aliyarudia maneno hayo kitandani kwa mgonjwa, akaongeza kwamba ile haikuwa kazi ya mwanamke tangu mwanzo na marehemu mumewe alikosea. Wifi alitazama dirisha. Nami niliyemsikia akiuliza kabla ya kugusa nilinyamaza wiki tatu nzima, na katika hadithi hii yenye watu wengi wa kudharau, najiweka miongoni mwao.

Kisha siku moja, nikitafuta kifungo kwenye droo ya mume wangu, nilikuta kiberiti. Ndani rezista nne, miguu imekatwa kwa mkato wa mkasi uliopinda, na mchoro wa Mtaalamu wa kuonyesha pa kukata. Alizitunza kwa sababu Mtaalamu alishauri kwamba mnunuzi wa baadaye anaweza kuzitaka.

Jumapili tulikula kwa mama mkwe. Wifi alikuwepo, anakula kwa mkono wa kushoto. Niliweka kile kiberiti kando ya chumvi, nikakifungua.

"Mama," nikasema, "hizi zilikuwa ndani ya amplifaya. Kazi yake ni kumlinda fundi. Mwanao alizikata kwa mkasi wangu wa kucha, halafu akamwambia dada yake hajalifungua."

Mume wangu alianza kueleza kwamba Mtaalamu ndiye aliyesema, na kwamba kitaalamu jambo lile lina pande mbili. Mama yake alimwacha aongee mpaka maneno yakamwishia. Ndipo akamgeukia binti yake, akamuuliza kama alikuwa anajua.

"Tangu siku ile. Niliuona waya kabla sijaanguka."

"Na ukanyamaza?"

"Ungeniamini, mama?"

 Mama mkwe alisimama, akaichukua sahani ya mwanawe ambayo ilikuwa bado na nyama, akaipeleka jikoni. Katika miaka yote niliyowafahamu sikuwahi kumwona akimnyima kitu.

Wifi alimwambia mdogo wake kwamba hana haja ya kuombwa radhi. Alitaka moja kati ya mawili: aje chumba cha kazi ajifunze kuchomelea, awe mikono yake mpaka atakapozoea kutumia kushoto, au asilete tena kitu chochote mlangoni pake. Mume wangu, macho yamelowa, alichagua kujifunza. Alikwenda siku mbili. Siku ya tatu alisema moshi wa risasi unamharibia koo. Yeye si mwimbaji.

Basi nikaenda mimi. Zamu yangu zahanati iliisha saa nane, saa nane na nusu nilikuwa chini ya ile taa. Mkono unaojua kuuingia mshipa wa mtoto anayepiga mateke haushindwi na waya, nilijiambia. Ulishindwa. Nilijichoma goti, nikaunguza kipande cha jinzi, na kiungo changu cha kwanza cha waya wifi alikitazama sana kabla ya kusema kwamba amewahi kuona ubani uliotafunwa chini ya dawati la shule uliokaa vizuri kuliko kile. Alinifundisha kupasha moto mahali pa kuunga kwanza, risasi ifuate yenyewe. Hakunisifu. Dharau yake kwangu ilikuwa ya haki, na ilinifaa kuliko sifa zote za sebuleni kwangu.

Mwezi wa pili wa kujifunza kwangu aliniambia nichore, yeye akinitajia kwa kumbukumbu, ramani ya kile kisanduku cheusi kwenye karatasi kubwa, kila kipuri na kazi yake, tukaibandika mlangoni. Mtaalamu alifika siku ya tatu pamoja na watano wa wale wa Jumamosi. Mume wangu hakuwemo, alikuwa na mafua. Mtaalamu alizungumza kwa upole wake kuhusu heshima kati ya mafundi na kuhusu mambo ambayo kipimo hakiwezi kuyapima. Wifi alimsikiliza akiwa ameketi. Kisha akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mchoro.

"Hiki kinafanya nini?"

Mtaalamu alikitazama. "Hicho kinaleta joto. Joto la sauti."

"Na hiki?"

"Hicho nacho... kwa namna yake, kinasaidia joto."

"Joto hata pasi inaleta," wifi akasema. "Hicho cha pili ni taa. Ile nyekundu inayoonyesha kwamba pedeli imewashwa."

Mfamasia ndiye aliyecheka kwanza. Mtaalamu alisema hakuja kudhalilishwa, akaondoka, na hakurudi mtaani kwetu. Ningependa kusema kwamba wale watano walijifunza kitu. Miezi mitatu haikupita wakampata mwingine, anayewauzia waya wa kuchomeka ukutani wenye kusafisha umeme, na mwalimu wa udereva alitoa lile daftari lake.

Sanduku la mume wangu lilibaki kwenye chumba cha kazi, na tulilitengeneza la mwisho. Nilirudisha rezista nne mpya, nikabadilisha valvu na makopo ya kuhifadhi umeme, nikatupa ile fyuzi ya sigara. Tuliliwasha kupitia balbu ya kawaida, kama ilivyo desturi ya wifi. Balbu iking'aa na kubaki inang'aa, kuna hitilafu. Iling'aa, ikafifia. Wifi alichukua gitaa la mteja lililokuwa pale, akachomeka pedeli ya kijani, mkwaruzo sifuri, sauti mwisho. Kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi alikishika kati ya dole gumba na kidole cha pete, maana cha shahada na cha kati havikuwa na faida. Akapiga nyuzi mbili nene, akazikata kwa kiganja.

Mimi naudharau muziki ule. Nimeulalia, nimeupikia, nimeufulia nguo. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa imebana kama ngumi. Makopo ya skrubu yalitetemeka kwenye rafu, nami niliisikia mbavuni kabla ya masikioni. Alipiga tena, taratibu, mara nne, kila pigo limesimama peke yake. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu kwa miaka kumi na tisa niliruhusu wale wanaume wanifanye nidhani haina maana yoyote.

Mume wangu alikuja kulidai. Wifi alimwambia halitoki. Hakubishana, nadhani aliogopa mama yake. Siku hizi bendi zinazotaka kurekodi huja na gitaa zao na kupigia pale pale chumbani, wakati mwingine huku mshona nguo akiendelea na cherehani yake upande wa pili. Ngurumo anapigia kiamplifaya cha kitoto chumbani kwetu, kwa sauti ninayoiruhusu mimi, na bado anawaeleza watu jinsi alivyolijenga lile sanduku kubwa kwa mikono yake. Sijisumbui kumsahihisha. Wanaomwamini wanastahili kumwamini.

Juzi wifi aliniachia amplifaya nzima niitengeneze peke yangu kwa mara ya kwanza. Alitoka akaketi barazani na mshona nguo, mgongo ameupa mlango, wakipiga soga za bei ya vitambaa. Nilipomaliza aliingia, akapima kila mahali mara mbili kwa mkono wa kushoto, akasema kiungo kimoja hakijashika. Nikabisha. Akakigusa kwa kijiti, kikatikisika. Nikawasha chuma upya.